Halbadiri ya Baba Injinia

Kiti ndicho kilichotangulia kushuka. Kondakta alikiteremsha kutoka juu ya basi pale stendi ya Kibiti, Alhamisi saa nane mchana, kiti cheusi cha ofisini chenye magurudumu matano na mgongo mrefu, na kilipogusa lami kikaanza safari yake chenyewe. Kiliteremka taratibu kuelekea kwa wauza korosho, kikazunguka mara mbili, kikaja kusimama mbele ya mama muuza mihogo kana kwamba kinamkaribisha akae. Watu wa stendi ile wameona mengi. Wameona chatu akisafirishwa ndani ya gunia la mkaa na kulipiwa nauli ya mtoto. Wameona marehemu akipiga chafya. Lakini kiti kinachokwenda bila mtu hawakuwa wamekiona, wakasimama wote.

Nyuma ya kiti akashuka Muzdalifa binti Bushiri, miaka thelathini na mbili, begi mgongoni na boksi mkononi. Ndani ya boksi mlikuwa na kikombe, kibodi na ua dogo lililonyauka tangu Mkuranga.

"Injinia, ofisi imehamia Kibiti?" akauliza kijana wa bodaboda.

"Nifungie hicho kiti, acha maneno."

Bodaboda zikawa mbili, moja ya kiti na moja ya mwenye kiti. Magurudumu yalikuwa yakizunguka hewani mtaa mzima, na kila nyumba waliyoipita watu walitoka kusimama. Wengine waliendelea kusimama hata baada ya vumbi kutua.

Mzee Bushiri alikuwa barazani akichonga mpini wa jembe. Mkewe, Bi Mwanamina, alikuwa uani akipepeta mchele. Aliposikia kelele akachungulia, akakiona kiti, akamwona mwanawe, na ungo ukamtoka mikononi. Kuku wakafaidi. Bi Mwanamina hakuwafukuza, na mtu aliyemjua angejua hapo hapo kwamba kuna jambo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Kiti, baba."

"Naona ni kiti, sijapofuka. Nauliza kimefuata nini."

"Wenzangu wa kazini wamenipa. Zawadi."

"Zawadi ya nini? Unaolewa?"

"Hapana, baba."

Mzee Bushiri aliweka panga chini. Kwa miaka minane binti huyu alikuwa injinia wa programu za kompyuta Dar es Salaam. Alileta mabati, akaleta tangi la maji la lita elfu mbili, akaleta miwani ya baba na dawa ya presha ya mama. Siku zote hizo hakuleta hata kalamu ya ofisi. Mtu aliyeko kazini kiti chake hubaki kazini.

"Muzda. Kazi ipo?"

Njia nzima Muzdalifa alikuwa akijifunza sentensi moja: Nimeacha kazi mwenyewe, baba, ninakwenda kusomea ukunga. Alipofika Mkuranga sentensi ilikuwa imenyooka. Kufika Bungu ikaanza kupinda. Sasa alipoutazama uso wa baba yake, ukiwa umesimama kama saa iliyokwisha betri, sentensi ikakatika vipande.

"Haipo, baba."

"Nani kakutoa?"

"Kuna mtu... kuna mtu alinichongea."

Maneno matano tu. Mwanamke aliyewahi kukaa siku tatu akitafuta nukta moja iliyokosewa kwenye kurasa elfu za programu, nukta iliyoweza kuangusha kazi yote, aliyatoa maneno hayo bila hata kuyakagua.

"Jina lake?"

"Simjui, baba."

"Humjui."

"Simjui."

Mzee akanyanyuka, akakishika kile kiti mgongoni, akakisukuma mpaka ndani kama mtu anayemwingiza mgonjwa wodini.

"Vizuri," akasema akiwa humo humo ndani. "Asiyejulikana ana dawa yake."

Kibiti hapakuwa na mtu aliyemwita Bushiri kwa jina lake. Alikuwa Baba Injinia. Mwenyewe aliwaambia watu kwamba Muzda akichelewa kuamka benki zote za Dar huchelewa kufungua, na kwamba siku alipougua mafua ndege tatu zilikosa ruhusa ya kutua. Hakuna aliyemwamini sana, lakini hakuna aliyetaka kubishana na mtu mwenye tangi la lita elfu mbili. Msikitini walimpisha safu ya mbele. Kwenye misiba walimletea kiti, wenziwe wakakaa mkekani. Mwenye bucha alimwekea steki bila kuulizwa.

Ijumaa asubuhi, kabla hata ya jua kuwa kali, mwenye bucha alimtazama kwa huruma, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Baba Injinia, leo nikukatie ya kawaida, au nikuwekee mifupa ya supu?"

Watu watano kwenye foleni wakatazama kandambili zao.

"Nikatie kilo mbili," akasema Bushiri. "Steki."

Alikuwa na fedha ya kilo moja. Ilibidi akae pale akijifanya anasikiliza redio mpaka foleni iishe, ndipo akasema, polepole, "Moja inatosha. Mama Muzda siku hizi hapendi nyama."

Baada ya sala ya Ijumaa alimfuata Sheikh Abdala nje ya msikiti, akamshika mkono, hakuuachia.

"Sheikh, nataka Halbadiri."

Sheikh Abdala akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Pwani yote ya huku, mtu akidhulumiwa na asiyemjua, huomba asomewe Halbadiri. Hutajwa majina ya watu wa Badri mia tatu na kumi na tatu, ubani ukiwaka, na mwenye kosa, popote alipo, yampate ya kumpata. Wapo waliovimba tumbo likawa kama ngoma ya mdundiko. Yupo wa Ikwiriri aliyeiba baiskeli akawa anapiga kengele kwa mdomo mpaka alipokufa. Kwa hiyo masheikh wengi hukwepa, na Sheikh Abdala alikuwa bingwa wa kukwepa.

"Bushiri, kisomo hiki hakina breki. Kikitoka hakiulizi njia. Una hakika mwanao kadhulumiwa?"

"Kaniambia kwa kinywa chake."

"Ningependa nimsikie mwenyewe."

"Unataka kusema mwanangu mwongo?"

"Sijasema hivyo, kaka yangu."

"Basi Jumapili baada ya alasiri, uani kwangu. Beberu yupo."

Beberu hakuwapo. Alipatikana jioni ile kwa shilingi laki moja na themanini, fedha iliyokuwa ya mbolea.

Habari ile ilienea upesi kuliko moto wa nyika. Kufika Jumamosi saa mbili asubuhi, watu walikuwa wamepiga mstari kwenye uga wa Bushiri kama siku ya kugawa vyandarua.

Wa kwanza alikuwa Bi Johari wa nyumba ya tatu, na sufuria kichwani.

"Baba Muzda, hii sufuria niliazima mwaka wa mafuriko. Nikasahau kurudisha."

"Mafuriko yapi?"

"Yale ya mwanzo."

"Sufuria haina kitako, Johari."

"Imechakaa kwa kusubiri nafasi ya kuirudisha. Naomba useme mbele ya watu kwamba umenisamehe."

Akasamehewa. Akaja aliyehamisha mche wa mkorosho wa mpakani hatua moja kila mwaka, kwa miaka kumi na mmoja. Akaja aliyekula jogoo. Mtu mmoja alipiga simu kutoka Utete kusema kwamba mwaka juzi alimtazama Muzdalifa kwa jicho baya alipoteremka kwenye gari, na je, jicho linahesabika?

Mwisho akaja Mwalimu Zebedayo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mstaafu, mtu wa Kigoma na Mkristo wa kusimamia kwaya. Alikaa akifuta miwani.

"Mzee mwenzangu. Hii kitu yenu, inamtambua mtu aliyebatizwa?"

"Haichagui, Mwalimu."

"Ndivyo nilivyosikia. Basi nina neno. Mwaka jana nilisema mshahara wa Muzda hauwezi kufika milioni tatu. Hiyo ni kuchongea?"

"Ulimwambia nani?"

"Mke wangu."

"Hayo ni mazungumzo ya nyumbani, Mwalimu. Nenda kwa amani."

Mwalimu akanyanyuka, akapiga hatua mbili, akageuka. "Lakini ulikuwa unafika?"

"Ulikuwa unapita," akasema Bushiri, na yeye mwenyewe akalisikia lile neno *ulikuwa*.

Muzdalifa alikuwa nyuma ya pazia akisikia yote. Alijiambia kwamba haya ni maneno tu na maneno hayavimbishi tumbo. Alisoma chuo kikuu, alijua takwimu. Lakini tangu asubuhi tumbo lilikuwa likinguruma, naye alikuwa akilipima kwa kiganja kila baada ya nusu saa, kulia, kushoto, akilinganisha.

Mara mbili alitoka kumwambia baba yake. Mara ya kwanza alimkuta anamlisha beberu majani kwa mkono, na kumwita mwanangu. Mara ya pili alimkuta amekaa kwenye kile kiti cheusi, peke yake, miguu haifiki chini.

"Baba, nina neno nataka kusema."

"Usiseme kitu." Bushiri alimshika kiganja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti ana miaka saba. "Umeumizwa. Mtu aliyeumizwa hasemi, husemewa. Mimi baba yako bado nipo."

Upole ule ulimziba mdomo kuliko kofi. Akarudi ndani.

Jumapili mchana Muzdalifa aliingia chumbani kwa mama yake kutafuta dawa ya tumbo, akakuta sanduku la kanga liko wazi na nusu yake tupu. Bi Mwanamina alikuwa chini, anakunja doti moja moja. Pembeni ameweka shuka jeupe jipya, limekunjwa vizuri, na kipande cha sabuni juu yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Napunguza. Ile ya mikorosho nimempa Johari, alikuwa anaitamani siku nyingi. Hii ya buluu ni yako. Dawa zangu za presha zimebaki kopo moja, mpelekee mke wa Mwalimu, asizitupe."

"Unasafiri?"

"Leo jioni."

"Unakwenda wapi?"

Bi Mwanamina alilainisha kanga kwa kiganja, mara tatu, mahali ambapo hapakuwa na kunyanzi.

"Aliyekutoa kazini ni mimi."

Nje beberu alilia. Muzdalifa alikaa chini polepole, kama mtu anayekalia kitu asichokiona.

"Usinikatize, nikikatizwa sitarudia. Mwaka jana nilikwenda kwa mganga, upande wa Mloka. Nilimwambia baba yako nakwenda kumwona shangazi Shamsia. Nilipeleka kuku mweusi, elfu thelathini, na ule mtandio wako wa njano. Nikamwambia mganga, nataka mwanangu arudi. Akatazama kwenye sinia, akasema, atarudi siku ya Alhamisi, mchana, na kitu kitakachousimamisha mtaa mzima. Nikadhani ni mume mwenye gari. Nikafurahi. Sasa Alhamisi nachungulia hivi..."

"Mama."

"Nikaangusha ungo."

"Mama, kwa nini?"

"Nikuone! Miaka minane unakuja kwa simu. Unatuma bati, unatuma tangi. Mwezi wa Ramadhani ukatuma mchele. Mchele, Muzda! Mimi, mlima mpunga wa Rufiji, naletewa mchele na kijana wa bodaboda, ati saini hapa." Akavuta pumzi. "Nilitaka uje unione tu. Sikutaka ukose kazi. Lakini dua haitajali nilitaka nini. Leo jioni watasoma, na mimi ndiye."

Muzdalifa alifungua mdomo. Hakujua kama kitakachotoka ni kicheko au kilio, na vyote viwili vikatoka.

"Mama, hakuna aliyenitoa. Nimeacha mwenyewe. Nimeandika barua kwa mkono wangu. Walinibembeleza nibaki, wakaniongeza mshahara, nikakataa. Kiti ni kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma, wakanifanyia sherehe na keki. Hakuna aliyenichongea. Nilimdanganya baba."

Bi Mwanamina alimpiga na ile kanga ya buluu. Halafu akampiga tena. Mara ya tatu mkono ukakwama juu, na rangi ikamtoka usoni kabisa, maana alikuwa ameelewa.

"Basi inakuja kwako."

"Haiji kwa mtu, mama, ni..."

"Nyamaza! Aliyekutoa kazini ni wewe. Baba yako atakaa pale akuapize wewe, kwa kinywa chake, mbele ya ubani." Akamshika mabega. "Usiseme. Unanisikia? Acha niseme mimi, wanisomee mimi. Mimi nimekula chumvi ya kutosha, presha ninayo tayari. Wewe usiseme kitu."

"Sitaki wewe ufe kwa uongo wangu."

"Kwa hiyo unaamini?"

Mkono wa Muzdalifa ulikuwa tumboni.

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, "Mshahara kama ule mtu anauacha ili iwe nini?"

Ndipo akamweleza. Mwezi wa Aprili kampuni ilimtuma kufunga mfumo wa kusajili wagonjwa kwenye zahanati moja ya huko visiwani, mbele ya Maparoni. Alikwenda kwa boti na sola na kompyuta za mkononi mbili. Asubuhi ya pili mtumbwi ukaleta mama mjamzito, uchungu umemshika tangu jana yake kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, katikati ya shamba la mpunga, maji yamejaa. Nesi alikuwa mmoja tu, anaitwa Bernadeta. Utaratibu mpya ni kumsajili kwanza. Mfumo ukauliza namba ya simu. Yule mama hana simu. Mfumo ukakataa kwenda mbele.

"Sehemu ile niliiandika mimi, mama. Niliweka kwamba bila namba ya simu mtu asipite. Niliona ni jambo zuri. Bernadeta alinitazama, akaniambia, wewe wa kompyuta, acha hiyo, nawa mikono. Nikanawa. Nikashika alichoniambia nishike. Mtoto akatoka amenyamaza, wa kijivu kama samaki. Bernadeta akamfanyia anachokijua. Nikahesabu dakika nne kwenye simu yangu." Akaishika ile kanga ya buluu. "Nimekaa kwenye kazi ile miezi mitatu zaidi. Kila nikifungua kompyuta naiona ile sehemu ya namba ya simu. Nimeiondoa, imekwisha, lakini naiona. Nimepata nafasi chuo cha uuguzi na ukunga, huku huku upande wa Mchukwi. Kesho naripoti. Nitakaa na watoto wa miaka kumi na nane."

Bi Mwanamina alikuwa ameacha kukunja. Kuna jina moja katika nyumba ile, Sihaba, ambalo lilitajwa mara moja tu kwa mwaka, kwenye dua ya marehemu, na hata hapo lilitajwa haraka. Mtoto wa kwanza, kabla ya Muzdalifa. Naye Bi Mwanamina uchungu ulimshika dunguni, huko huko visiwani, msimu wa kuamia ndege wasile mpunga, akatolewa kwa mtumbwi.

"Ulimwambia mtu yeyote habari ya mtumbwi?" akauliza.

"Hapana. Wewe tu."

Bi Mwanamina akajifunga kanga kifuani, akainuka ili amwendee mumewe. Lakini uani watu walikuwa wameanza kujaa, na harufu ya ubani ilikuwa imeshapita chini ya mlango. Kumvuta Bushiri pembeni mbele ya umati ule lilikuwa jambo lisilowezekana. Kila walipomwita kwa ishara, mtu alikuja kumpa mkono wa pole.

Baada ya alasiri uani hapakuwa na pa kuweka hata sindano. Wanaume walikaa kwenye mikeka, wanawake upande wa jikoni. Waliokuja walikuwa wengi kuliko siku ya maulidi, kwa sababu ambaye hakuja angeulizwa kwa nini hakuja. Mwenye bucha alikaa mbele kabisa, anatoka jasho. Mwalimu Zebedayo alisimama upande wake wa ukuta, kidevu juu ya matofali, kwa maelezo kwamba yeye hayupo.

Bushiri alikaa kwenye kiti cheusi, katikati. Alikiweka pale makusudi, kama kielelezo mahakamani.

Sheikh Abdala alifungua kitabu, akatia ubani, akakohoa kwa muda mrefu akitumaini pengine mvua itanyesha. Haikunyesha.

"Mwenye shughuli," akasema, "taja nia yako mbele ya watu."

Bushiri aliinua mikono.

"Nia yangu, yule aliyemtoa mwanangu Muzdalifa kazini..."

"Ni mimi," akasema Bi Mwanamina.

"Ni mimi," akasema Muzdalifa.

Walikuwa wametoka jikoni pamoja, kila mmoja akimvuta mwenzake nyuma ili atangulie yeye. Hata moshi wa ubani ulionekana kusimama. Kisha juu ya ukuta ikasikika sauti:

"Na mimi, kidogo."

"Mwalimu, nyamaza!" wakasema watu kumi kwa pamoja.

Muzdalifa alipiga magoti mbele ya kiti. Alisema yote, maana sasa hapakuwa na cha kubakiza. Barua, keki, namba ya simu, zahanati, dakika nne, chuo. Hakumtaja mganga. Mama yake alitaka kumtaja, Muzdalifa akamfinya mguu.

"Umeacha," akasema Bushiri.

"Nimeacha, baba."

"Mshahara ule."

"Ule."

"Ukazalishe."

"Nikajifunze kwanza. Miaka mitatu."

"Na huko wanakulipa?"

"Nalipa mimi."

Mwenye bucha aliguna kama aliyepigwa ngumi ya mbavu. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akakuta anacheka peke yake. Bushiri aliwatazama wale watu wote, mabalozi, wazee wa safu ya mbele, Johari na kanga yake mpya ya mikorosho, watu waliorudisha masufuria kwa ajili ya dhuluma ambayo haikuwapo. Alitaka kusimama. Miguu haikufika chini vizuri, akaukanyaga mkeka vibaya, na kiti kikazunguka. Kilimzungusha polepole, bila mlio, mpaka akatazama ukuta, na mgongo mweusi mrefu ukabaki kuwatazama watu.

Hakuna aliyethubutu kumgeuza.

"Bushiri," akasema Sheikh Abdala kwa upole. "Ubani unakwisha. Kitabu kiko wazi. Kufunga bila nia siwezi, na nia ya kwanza ukiitamka sasa, unaijua inakokwenda."

Kuku alipita kati ya magurudumu.

"Yule mtoto," ikatoka sauti ya Bushiri, ikizungumza na ukuta. "Huyo wa zahanati. Alilia?"

"Alilia, baba. Baada ya zile dakika nne."

"Nne."

"Nne."

"Sihaba tulimngoja alie kutoka dunguni mpaka Nyamisati."

Upande wa jikoni mtu aliangusha kijiko. Bi Mwanamina aliziba uso kwa ncha ya kanga. Miaka thelathini na minne amelala na mwanamume yule kitanda kimoja, na alikuwa na hakika kwamba aliyekuwa anasikiliza ndani ya mtumbwi siku ile ni yeye peke yake. Mume alikuwa akipiga kasia. Hakugeuka hata mara moja.

"Nilikuwa napiga kasia kimyakimya," akasema Bushiri, "maji yasinizuie kusikia."

Akaukanyaga mkeka kwa ncha ya mguu, akajisukuma, kiti kikarudi. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Alimtazama binti yake, na alichosema kwanza kilikuwa hiki:

"Ukinidanganya tena ndani ya nyumba hii, nitasomesha ile ile ya mwanzo. Na beberu utamnunua wewe."

"Sawa, baba."

"Kwa mshahara gani sijui."

Mtu akacheka, na safari hii hakuwa peke yake. Bushiri hakucheka. Aliinua mikono, na uga wote ukainua pamoja naye, mpaka mwenye bucha, mpaka mikono miwili iliyochomoza juu ya ukuta.

"Sheikh, nimebadili. Sina wa kumwapiza." Akamgeukia binti yake. "Nia yangu ni hii. Kila mtoto atakayepokelewa na mikono ya huyu, alie."

Sheikh Abdala alifunga kitabu cha Halbadiri kwa haraka ya mtu aliyefutiwa kesi, akaanza dua aliyoijua kwa moyo. Wanawake ndio waliotangulia kuitikia amina, kabla hajamaliza hata sentensi ya kwanza.